Jaji wa Rufani: Utumishi, Uteuzi na Lugha ya Hukumu kwa Mwananchi wa Sumbawanga

Sumbawanga. Mwananchi wa Mkoa wa Rukwa ambaye hakuridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, amebakiwa na mlango mmoja tu wa kubisha ndani ya nchi, nao ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hakuna mahakama nyingine ya kawaida juu ya hiyo. Uamuzi wa majaji wake ndio unaoamua kama shamba la Laela litabaki kwa familia iliyolilima kwa vizazi viwili, au kama mfungwa aliye gerezani atatoka au ataendelea kutumikia adhabu yake.

Kwa sababu hiyo, tangazo la Ikulu kwamba fulani ameteuliwa kuwa Jaji wa Rufani linamhusu mkulima wa Matai na mvuvi wa Kirando sawasawa na linavyomhusu wakili wa Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza mahakama hiyo ilikotoka, sifa na utaratibu wa uteuzi wa majaji wake, na njia ambazo baadhi yao walipitia. Yanaeleza pia kwa kirefu uteuzi wa tarehe 1 Februari 2021, ambapo Jaji Zephrine Galeba alipandishwa kutoka Mahakama Kuu baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili. Uteuzi huo uligusa jambo ambalo wakazi wa Ufipa wanalijua vizuri: mtu anaweza kushinda au kushindwa kesi, akakabidhiwa karatasi asiyoweza kuisoma.

Rufaa ilivyosafiri kutoka London hadi nyumbani

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianza kazi mwaka 1921, wakati wa utawala wa Waingereza. Aliyekuwa hakuridhika na uamuzi wake alikata rufaa katika mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki. Juu ya mahakama hiyo kulikuwa na Baraza la Mfalme jijini London, ambako neno la mwisho lilitolewa na majaji waliokuwa mbali kabisa na nchi yenyewe. Kwa mtu wa Ufipa wa wakati huo, rufaa ya ngazi hiyo ilikuwa jambo la kusikia tu.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, njia ya kwenda London ilifungwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliendelea kuzihudumia Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kila nchi ililazimika kujenga mahakama yake ya juu. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1979, ambapo Katiba ilirekebishwa na Sheria ya Mamlaka ya Rufani ikatungwa. Jaji Mkuu wa wakati huo alikuwa Francis Nyalali, aliyeshika wadhifa huo tangu mwaka 1977 hadi mwaka 1999.

Mahakama ya Rufani ni chombo cha Muungano. Husikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Tanzania na pia kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa mambo machache ya Zanzibar yanayoishia huko huko, yakiwemo tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri yaliyoanzia Mahakama za Kadhi. Mahakama hiyo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Hupanga vikao katika kanda mbalimbali, na majaji husafiri kuwafuata wananchi. Kwa miaka mingi rufaa zilizotoka Sumbawanga zilisikilizwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Wanaoikumbuka barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kabla ya lami wanajua safari hiyo ilivyokuwa wakati wa masika, hasa kwa mtu aliyetoka Muze au Mtowisa, bonde la Ziwa Rukwa, ambaye alilazimika kwanza kupanda milima hadi mjini.

Nani anaweza kuteuliwa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ndiyo inayotoa masharti. Kwa mujibu wa Ibara ya 118, Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Huteuliwa kutoka miongoni mwa watu wenye sifa za kuwa majaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, au wenye sifa za kuwa majaji wa Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Sifa za Jaji wa Mahakama Kuu zimeelezwa katika Ibara ya 109. Mhusika awe na shahada ya sheria iliyotolewa na chuo kikuu kinachotambuliwa, na awe na sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka 10. Sifa hizo hupatikana kwa kuwa hakimu, kwa kushika nafasi katika utumishi wa umma huku akiwa na sifa za kufanya kazi ya uwakili, au kwa kuwa wakili. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu.

Tofauti kati ya taratibu hizi mbili ni ndogo lakini inafaa kukumbukwa. Kwa Jaji wa Mahakama Kuu, Rais hushauriana na Tume. Kwa Jaji wa Rufani, hushauriana na Jaji Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa Mahakama ya Rufani na mtu anayezifahamu kwa karibu hukumu zinazoandikwa na majaji walio chini yake. Ngazi ya chini ikitoa hukumu, rufaa yake ikifika juu, ubora au upungufu wa jaji aliyeiandika huonekana wazi. Kwa maana hiyo hukumu za jaji ndizo shahidi mkubwa wa utumishi wake.

Jaji aliyeteuliwa haanzi kazi mara moja. Katiba inamtaka kwanza aape kiapo cha uaminifu na kiapo kinachohusu utendaji wa kazi yake. Baada ya hapo anakuwa Jaji wa Rufani hadi atakapotimiza umri wa miaka 65, ingawa anaweza kuomba kustaafu akiwa na miaka 60. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60.

Njia tofauti kuelekea kiti kimoja

Historia ya mahakama hiyo inaonyesha kwamba hakuna njia moja tu ya kufika huko. Augustino Ramadhani, aliyezaliwa mwaka 1945, alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akalitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania na kufikia cheo cha Brigedia. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar tangu mwaka 1980, kisha akateuliwa kuwa Jaji wa Rufani mwaka 1989. Mwaka 2007 alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania hadi mwaka 2010. Baadaye alikuwa jaji, na kuanzia mwaka 2014 hadi 2016 Rais, wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Alifariki dunia mwezi Aprili 2020.

Profesa Ibrahim Hamis Juma alipitia mlango wa chuo kikuu. Alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliwahi kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Sheria. Aliteuliwa kuwa Jaji wa Rufani mwaka 2012. Mwezi Januari 2017 alikaimu nafasi ya Jaji Mkuu, na mwezi Septemba mwaka huo akathibitishwa katika wadhifa huo. Yeye ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wakati wa uteuzi wa Februari 2021.

Zephrine Nyalugenda Galeba alitokea Mahakama Kuu. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya majaji 15 wa Mahakama Kuu walioteuliwa na Rais John Pombe Magufuli mwezi Januari 2019. Alipangiwa kazi katika Mahakama Kuu, Musoma, mkoani Mara. Alikaa katika Mahakama Kuu kwa takribani miaka miwili tu kabla ya kupandishwa. Wengi hukaa huko kwa muda mrefu zaidi.

Hukumu ya Musoma na Siku ya Sheria

Mkoa wa Mara una mgodi wa dhahabu wa North Mara, katika Wilaya ya Tarime, na mashauri kati ya mgodi huo na wakazi wa maeneo ya jirani si mageni mahakamani. Miongoni mwa mashauri aliyopewa Jaji Galeba lilikuwamo moja kati ya kampuni ya mgodi huo na mwananchi mmoja. Jaji aliandika uamuzi wake kwa Kiswahili.

Uzito wa kitendo hicho unaeleweka zaidi mtu akikumbuka hali ilivyokuwa. Katika Mahakama za Mwanzo, Kiswahili kilikuwa lugha ya shughuli zote kwa muda mrefu. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mashahidi waliweza kuzungumza Kiswahili, mawakili wakauliza maswali kwa Kiswahili, na hakimu au jaji akasikiliza kwa Kiswahili. Lakini kumbukumbu za mwenendo wa shauri na hukumu yenyewe viliandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya shahidi yalitafsiriwa papo kwa papo na mkono wa hakimu aliyekuwa akiyaandika. Shauri lilisikilizwa kwa lugha moja na kuamuliwa kwa lugha nyingine, na mwenye shauri aliuelewa mwanzo wake bila kuuelewa mwisho wake.

Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, yaliyokwenda pamoja na kutimia kwa miaka 100 ya Mahakama Kuu, Rais Magufuli aliitaja hukumu hiyo ya Musoma mbele ya majaji, mahakimu na mawakili. Alimsifu Jaji Galeba kwa kuithamini lugha ya Taifa, na akatangaza kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Tangu hapo jina la Jaji Galeba limeonekana katika majopo ya mahakama hiyo.

Uteuzi huo ulizua mjadala katika jumuiya ya wanasheria. Waliouunga mkono walisema haki isiyoeleweka kwa anayeidai ni haki nusu. Wengine walikumbusha kwamba vitabu vya sheria, hukumu za rejea na sheria nyingi zilizotungwa tangu ukoloni ziko kwa Kiingereza, kwamba istilahi za kisheria za Kiswahili zinahitaji kukomazwa, na kwamba hukumu za Tanzania husomwa pia katika nchi jirani. Hoja zote mbili zina msingi. Jibu lake halikuachwa kwa jaji mmoja mmoja, lilipelekwa bungeni.

Sheria iliyofuata

Mwezi huohuo wa Februari 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1 ya mwaka 2021. Pamoja na mambo mengine, ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kuweka misingi miwili. Wa kwanza ni kwamba lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili. Wa pili ni kwamba lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki ni Kiswahili.

Sheria hiyo haikukifukuza Kiingereza. Iliacha nafasi ya kukitumia pale ambapo maslahi ya utoaji haki yanahitaji hivyo, na kanuni zilizotolewa mwaka 2022 zikaeleza mazingira ambayo hilo linaweza kufanyika. Kwa hiyo mwananchi asishangae akipewa leo hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kilichobadilika ni kwamba Kiswahili sasa ndicho msingi, na Kiingereza kinahitaji sababu.

Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na hatua nyingine za lugha hiyo. Mwezi Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikuwa imekubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi Novemba 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ingekuwa ajabu lugha inayokubalika katika vikao vya mataifa ikose nafasi katika hukumu ya mtu anayeizungumza kila siku.

Maana yake kwa wakazi wa Rukwa

Kwa wazee wengi wa uwanda wa Ufipa, Kifipa ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Kiingereza kinakuja cha tatu, kama kinakuja. Hukumu ikiandikwa kwa lugha hiyo ya tatu, mwenye shauri hutegemea wakili, mtoto aliye sekondari au jirani ili ajue kilichoamuliwa. Madhara yake hayaishii katika usumbufu, kwa kuwa muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa siku uamuzi unapotolewa, aliyeshindwa awe ameuelewa au hajauelewa.

Njia ya shauri kutoka kijijini hadi Mahakama ya Rufani hutegemea aina yake. Shauri la ardhi linaloamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, ambayo kwa miaka mingi imepokea mashauri ya Rukwa na Katavi. Kutoka hapo ndipo huenda Mahakama ya Rufani. Shauri la jinai linaloanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi hupitia pia Mahakama Kuu. Mashauri ya mauaji huanzia Mahakama Kuu yenyewe, na rufaa yake huenda moja kwa moja kwa Majaji wa Rufani.

Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo lina sharti la ziada. Haliwezi kufika Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa huko. Kutoridhika na jinsi ushahidi ulivyopimwa hakutoshi.

Kwa mashauri ya madai, Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinaweka hatua ambazo mrufani anapaswa kuzizingatia:

Kwanza, taarifa ya kusudio la kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi unaolalamikiwa.

Pili, nakala ya taarifa hiyo ipelekwe kwa upande wa pili ndani ya siku 14 tangu ilipowasilishwa.

Tatu, barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri na hukumu iandikwe kwa Msajili ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na nakala ya barua hiyo apewe mjibu rufani.

Nne, rufaa yenyewe pamoja na kumbukumbu zake iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kusudio ilipowasilishwa. Muda uliotumika kuandaa nakala zilizoombwa kwa wakati huondolewa katika hesabu hiyo, baada ya Msajili kutoa cheti kinachouthibitisha.

Katika mashauri ya jinai taarifa ya kusudio pia hutolewa ndani ya siku 30, lakini mzigo wa kuandaa kumbukumbu za rufani hauko kwa mrufani. Ni kazi ya Mahakama Kuu. Mfungwa anaweza kuwasilisha taarifa yake kupitia kwa mkuu wa gereza alimo, bila kulazimika kuwa na wakili.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila ni lazima aeleze sababu ya msingi na atoe hesabu ya kila siku aliyochelewa. Mahakama imesema mara nyingi kwamba kutojua sheria peke yake si sababu ya kutosha. Hapo ndipo lugha ya hukumu inapogeuka kuwa suala la haki yenyewe. Mtu aliyepewa hukumu anayoweza kuisoma anajua siku hiyohiyo ameshindwa katika hoja ipi, na kama hoja hiyo inafaa kupelekwa mbele. Aliyepewa asiyoweza kuisoma huanza kwa kutafuta mtu wa kumsomea, huku siku zake 30 zikipungua.

Wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanakumbushwa kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria walio karibu na jamii. Ofisi za halmashauri na mahakama zilizo karibu zinaweza kuwaelekeza. Aidha, hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu huwekwa wazi bila malipo katika mtandao wa TanzLII, ambako mwenye simu ya intaneti anaweza kusoma jinsi mashauri yanayofanana na lake yalivyoamuliwa.

Jaji wa Rufani akiwa kazini

Rufaa haisikilizwi na jaji mmoja. Katiba inataka jopo la majaji wasiopungua watatu, na uamuzi ni wa walio wengi. Jaji mmoja anaweza kushughulikia maombi fulani madogo ambayo hayaamui rufaa yenyewe. Utaratibu huu ni kinga kwa mwananchi: hata jaji mwenye msimamo mkali hawezi kuamua peke yake hatima ya rufaa.

Majaji hao hawasikilizi mashahidi upya kama kawaida. Husoma kumbukumbu za kilichotokea Mahakama Kuu, husikiliza hoja za pande zote, na kupima kama sheria ilitumika ipasavyo. Ndiyo maana uandishi wa kumbukumbu katika ngazi za chini una uzito mkubwa. Neno la shahidi wa Kalambo likiandikwa visivyo, kosa hilo linaweza kusafiri hadi kwa majaji watatu ambao hawatamwona shahidi huyo kamwe. Mwenendo ulioandikwa kwa lugha aliyoitumia shahidi mwenyewe unapunguza hatari hiyo.

Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kutofungwa kupita kiasi na mambo ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Ibara ya 107B inazipa uhuru: katika kuamua, jaji anafungwa na Katiba na sheria tu. Uteuzi unafanywa na Rais, lakini baada ya kiapo jaji hapokei maelekezo ya mtu yeyote kuhusu shauri lililo mbele yake, hata ya mamlaka iliyomteua.

Uhuru huo unalindwa pia na ugumu wa kumwondoa jaji madarakani. Jaji anaweza kuondolewa kwa kushindwa kufanya kazi zake kutokana na maradhi au sababu nyingine, au kwa tabia mbaya inayoathiri utendaji wake. Hata hivyo, ni lazima kwanza iundwe tume maalumu ya kuchunguza suala hilo, ambayo wajumbe wake hujumuisha majaji au majaji wastaafu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Bila ushauri wa tume hiyo, jaji hawezi kuondolewa.

Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ukishatolewa, shauri limefika mwisho. Iko nafasi finyu ya kuomba mapitio ndani ya siku 60 kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni, kama vile kosa la wazi lililosababisha haki kupotea, mhusika kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au uamuzi kupatikana kwa udanganyifu. Maombi ya mapitio si rufaa ya pili, na wanaoyatumia kurudia hoja zilizokwisha kuamuliwa hukataliwa.

Cha kufuatilia katika taarifa za uteuzi

Taarifa ya Ikulu kuhusu uteuzi wa majaji huwa fupi: jina, cheo kipya, cheo alichokuwa nacho mteuliwa na tarehe ya kuapishwa. Msomaji anayetaka kuelewa zaidi aangalie mhusika ametoka wapi, alihudumu katika kanda ipi, na hukumu zake zinasema nini. Hayo yote ni mambo ya wazi kwa umma.

Kwa mkazi wa Sumbawanga lipo jambo jingine la kuliangalia. Miaka 60 iliyopita, neno la mwisho la haki yake lilikuwa limetoka tu mikononi mwa mahakama ya London. Baadaye likawa la mahakama ya nchi tatu, kisha la mahakama ya Tanzania inayofanya vikao katika kanda. Umbali wa mahali umepungua hatua kwa hatua. Uteuzi wa Februari 2021 na sheria iliyoufuata vilianza kupunguza umbali wa lugha. Kazi hiyo itakuwa imekamilika siku mkulima wa Ufipa atakapopokea hukumu ya rufaa yake, akaisoma mwenyewe hadi mstari wa mwisho, na akajua kwa nini ameshinda au ameshindwa.